Nilivyompokea Mgeni wa Kaunti

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeona jina la mtoto wangu ukutani. Waringa! Limeandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya kaunti, nje ya ukumbi, watu wakipita wanalisoma. Nilisimama pale mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hilo jina la nne hapo nimelizaa mimi, kilo nne na robo, bila kushonwa. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mambo yenyewe ni haya. Ukumbi umekarabatiwa. Kaunti inasema vile vyumba vitatu vya pembeni vitapewa vikundi vya mtaa ambavyo havifanyi biashara – bure, miaka mitatu, maji na stima juu yao. Vikundi kumi na moja vimeomba. Vitaingia vitatu tu. Ofisa atatembelea kila kikundi aone kazi kwa macho yake, kisha orodha ya waliopita ibandikwe.

Na sisi, kikundi cha Waringa cha watoto wasioweza kukaa wenyewe, tunahitaji hicho chumba kuliko wote. Mchungaji ametuambia kwa upole kabisa: chumba cha mabati tunachotumia nyuma ya kanisa kinabomolewa mwisho wa Novemba, wanajenga madarasa ya Jumapili. Hakuna ubaya, mahali ni pao, wametuvumilia miaka minne. Lakini watoto kumi na wanne wataenda wapi?

Najua watakakoenda. Watarudi nyuma ya kufuli.

Ndivyo Waringa alivyoanza. Alikuwa anapita kwa ploti moja kule Mathare akasikia mtoto analia ndani, kufuli nje. Mama yake ameenda kufua nguo za watu. Mtoto hawezi kukaa, shingo haimshiki, sasa angembeba vipi siku nzima? Msichana mwingine angepita. Wangu alikaa nje ya mlango akimwimbia mpaka mama akarudi saa kumi. Huyo ndiye mtoto niliyezaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Waringa amejaza ile fomu ndefu ya vikundi vilivyoorodheshwa, mezani kwangu, katikati ya vitambaa ninavyoshona. Kurasa tisa! Mimi na darasa la saba langu nilimsomea maswali, yeye anaandika.

Nilidhani ataomba pesa. Hakuomba. Ameomba chumba na maji. Ameomba pia kliniki za kaunti zikiona mtoto wa aina hii zimwelekeze kwetu, badala ya kumwambia mama "rudi mwezi ujao". La tatu lilinishangaza – anataka kaunti inunue viti vyetu iviweke kwenye kliniki. Nikamwambia, wewe, serikali inunue viti vya katoni? Akasema, Mama, kiti cha kutoka ng'ambo ni bei ya pikipiki na mtoto anakipita kwa mwaka. Chetu tunampima mwenyewe.

Ni kweli anapima. Mgongo, paja, kisigino, kama fundi wa suti. Katoni zinatoka Eastleigh, dukani kwa Ladan, Mama Idil, anayeuza sufuria na vyombo kwa jumla. Anakata, anabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, anaweka mawe juu, jua linakausha siku sita, saba. Kikikauka ni kigumu kama mbao. Idil mwenyewe, yule wa Ladan, miaka sita hajawahi kukaa, sasa anakaa kwa chake na anashika kijiko. Siku ya kwanza Ladan alilia akanilowesha bega lote.

Mimi nilitaka Waringa aandike diploma yake juu kabisa. Akaiweka ukurasa wa saba! Sasa nani atafika ukurasa wa saba?

Jumapili, 12 Oktoba

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu mabati.

Baada ya ibada Mama Clare akanishika mkono. Clare wake amepandishwa cheo benki, ananiambia kwa mara ya tatu. Nikamwambia hongera, wangu anapewa jengo na kaunti. Akasema, "Jengo! Kwani si mlikuwa mnaomba chumba?" Nikamwambia vyumba vikiwa pamoja vinaitwaje?

Njiani nikajilaumu kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Simu imeingia nikiwa kwa cherehani. Sauti ya mwanamke, tamu, ya lafudhi ya Kiluhya. Anaitwa Nalianya, ofisa wa maendeleo ya jamii. Namba ya Waringa haipatikani, yangu ni ya pili kwenye fomu. Anakuja Alhamisi asubuhi. Anasema tusijisumbue, tuendelee na kazi kama kawaida.

Kama kawaida!

Waringa Alhamisi anampeleka Idil kliniki kubwa mjini, miadi ya miezi mitatu, haiwezi kusongezwa. Nikimwambia atakosa usingizi, au aache miadi. Nimeamua simwambii. Mgeni nitampokea mimi. Nimepokea wageni kabla huyo ofisa hajaota meno – nimepokea wakwe, nimepokea askofu. Waringa atakuja kusikia tu: Mama yako alikuwekea kila kitu sawa.

Nimezunguka kile chumba kwa macho ya mgeni. Aibu! Sakafu ya simenti imepasuka. Vikombe vya plastiki, kila kimoja na rangi yake. Na vile viti, jamani. Vinafanya kazi, sikatai, lakini ukiangalia upande unaona maandishi ya katoni – "Sufuria Dazeni Moja", "Weka Upande Huu Juu". Mtoto wa mtu amekalia maandishi ya sufuria. Ofisa wa kaunti aone hivyo aandike nini?

Marehemu mama yangu alikuwa anatupaka mafuta midomoni tukilala njaa, tukitoka asubuhi jirani aone midomo inang'aa. Tulikuwa saba. Hakuna hata siku moja kijiji kilijua.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeenda kwa Ladan kuazima. Zulia lake jekundu, mito, thamosi mbili, vikombe vya ukingo wa dhahabu. Akanitazama na yale macho ya biashara.

"Mama Waringa, una wageni wa kiasi gani?"

"Wageni wa heshima."

"Wa heshima…" Akapiga makofi. "Wakwe! Waringa anaolewa! Na umekaa kimya, wallahi wewe ni mwizi!"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikacheka tu. Akaongeza na mto wa sita bila kuombwa, na ubani.

Vitambaa nimetoa vyangu mwenyewe, vile vyeupe vya maua, ambavyo nilikuwa nimeshonea mteja. Pazia nimetundika juu ya ule ukuta wenye kutu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amekuja! Amekwenda! 

Waringa alitoka saa kumi na mbili na Idil mgongoni. Saa moja mimi nilikuwa nimeshaanza. Wale akina mama wawili wa zamu nikawaambia leo wapumzike, nitawaangalia watoto mwenyewe na binti wa mchungaji – sikutaka wamkaribie ofisa na zile kanga za kufulia. Viti vya katoni nikavitoa vyote nje, nikavipanga nyuma ya jiko la kanisa chini ya turubai. Zulia likaingia. Chumba kikawa kama sebule ya Waziri. Watoto tisa waliokuwepo nikawavalisha vizuri nikawalaza kwenye mito, wote safi, wanang'aa mafuta. Wawili walilia wakitaka kukaa. Nikawapa biskuti.

Huyo Nalianya si mtu wa makuu. Alikuja kwa miguu, viatu vya raba, mwavuli. Akavua viatu mlangoni alipoona zulia! Nikajua tayari nimemweza.

Nikammiminia chai. Akauliza watoto hawa hukaa saa ngapi, hufanya nini. Nikamwambia leo wanapumzika. Akauliza vifaa. Nikamwonyesha thamosi. Akauliza kama tuna wafadhili – na hapa nilifanya vizuri sana – nikamwambia tuna marafiki Ujerumani. Si uongo! Yule kijana Mjerumani alikuja mwaka juzi, akapiga picha, akatuma kalenda.

Mwishoni akaweka kikombe chini akaniuliza polepole, "Mama, niambie tu ukweli. Mnahitaji nini hasa?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hatuna shida. Tuko sawa kabisa."

Ndivyo mtu mwenye heshima anajibu. Hata ukiwa na njaa, mgeni akikuuliza habari unasema nzuri.

Aliandika sana. Akapiga picha. Akasema kitu nimekikumbuka nimwandikie Waringa: "Kaunti haijui mlango upi una mtoto amefungiwa. Nyinyi ndio mnajua. Kazi yetu ni kuwashika nyinyi mkono msichoke." Maneno mazuri! Nilitaka kumkumbatia.

Mvua imenyesha saa nane, ya mawe. Nimerudisha vitu vya Ladan vikiwa vikavu vyote, hata mto haukuguswa na tone.

Ijumaa, 17 Oktoba

Turubai lilikuwa na tundu.

Kiti cha Idil kimelowa. Nilipokishika mgongo ukabaki mkononi, laini kama ugali. Viti vingine viwili vimevimba chini, vitakauka labda. Cha Idil hakitakauka, kimerudi kuwa karatasi.

Waringa ameuliza kilifikaje nje. Nikasema nilikuwa nasafisha. Hiyo si uongo. Akaniangalia, akachukua mkasi, akaanza kukata kingine. Hana maneno mengi huyu mtoto, amefuata babake.

Sijamwambia kuhusu ofisa. Nitamwambia orodha ikitoka. Furaha itafunika.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana sikukuu ya Mashujaa. Watu wamepumzika, mimi nimeshona pazia za chumba kipya. Rangi ya samli. Nimekadiria dirisha kwa kuchungulia, askari wa lango ameshanizoea, ananiita "mwenye jengo".

Sikai. Nikikaa nasimama. Nimeenda Muthurwa kutafuta uzi nikarudi na vitunguu. Nimeenda ukumbini mara tatu – orodha bado. Naambiwa wiki hii. Wiki hii ni siku ngapi?

Mvua kila siku. Kiti kipya cha Idil kimekaa juu ya jiko la kanisa kukauka, ukikibonyeza kidole kinaingia. Idil siku hizi ni mgongoni kwa Waringa toka asubuhi, au amelazwa. Kijiko amekikataa. Waringa anasema akilala sana misuli inasahau. Misuli inasahau! Sikujua misuli ina kumbukumbu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bado.

Jumatatu, 27 Oktoba

Imetoka. Hatumo.

Nimesoma kutoka juu kwenda chini, kisha chini kwenda juu. Kikundi cha wazee wa Kaloleni wanaofundisha ngoma – wamo. Wale wa maktaba ya watoto. Wale kinamama wa kukusanya taka. Sisi tuko kwenye karatasi ya pili, waliokataliwa, na kila mmoja sababu yake imeandikwa mbele. Hii kaunti siku hizi inaandika sababu! Si ingenyamaza tu kama zamani?

Nimeinakili, kwa sababu macho yangu yalikataa:

"Kikundi kina vifaa vya kutosha na wafadhili wa nje. Watoto walionekana wamelazwa; hakuna shughuli ya mazoezi wala ubunifu ulioonekana. Mwakilishi alieleza kuwa kikundi hakina uhitaji."

Waringa alikuwa nyuma yangu. Alisoma pia. Akasema taratibu, "Wafadhili gani? Mwakilishi gani? Mama, hawa hata hawakuja."

Na mimi – Mungu anisamehe – mimi nikasema, "Watu wa kaunti unawajua. Wamekula."

Imetoka mdomoni kama kikohozi.

Jumanne, 28 Oktoba

Nilidhani litaishia hapo. Halikuishia. Mama Clare alikuwa amesimama karibu jana, na mdomo wa Mama Clare hauna breki. Leo mtaa mzima unajua ati yule ofisa mwenye sahihi, Nalianya, amekula rushwa akaandika ziara ya uongo. Muuza mayai ameniambia mimi! Ananihurumia! "Pole Mama Waringa, hao watu hawana haya."

Yule mama alikuja kwa miguu. Alivua viatu.

Karatasi ya pili chini imeandikwa: mwenye malalamiko alete kwa siku saba, atasikizwa hadharani ukumbini Jumatatu. Waringa ameandika barua. Nimeiona mezani. "Ofisa hakuwahi kufika katika kituo chetu. Alichoandika amekibuni." Ameweka sahihi. Ameweka na namba ya kitambulisho.

Hajawahi kusema uongo huyu mtoto, ndiyo maana ameandika kwa nguvu hivyo. Anaamini. Ameniamini mimi.

Nimesema, labda tuache, tutafute mahali pengine. Akanigeukia kama mtu amemwagiwa maji. "Wewe? Wewe ndiye unasema tuache?"

Alhamisi, 30 Oktoba

Ladan amejua.

Alikuja kuleta katoni. Waringa akampa barua na ripoti ya ofisa asome, kwa sababu Idil ni wake, ana haki. Nilikuwa kwa cherehani najifanya sindano imekatika. Akasoma. "Vifaa vya kutosha… zulia… vikombe…" Kwa sababu Waringa alikuwa amepewa nakala ya ripoti, na imeandikwa yote, hata zulia jekundu. Ladan akainua macho polepole akanitazama juu ya kichwa cha mtoto wangu.

Anajua heshima. Alingoja Waringa aende kuwalisha watoto, akavuta kiti karibu.

"Mama Waringa. Wale wakwe zako. Walikuja na faili?"

Nikainama kutafuta uzi chini ya cherehani.

"Bwana harusi alihesabu vikombe?"

Nikaanza kucheka, nikajikuta nalia. Yeye hakulia. Akasema, zulia langu ndilo limemnyima mtoto wangu chumba. Nilikupa na mto wa sita! Nikamwambia nilitaka tuonekane watu. Akasema, "Sisi ni watu. Mimi babangu aliingia nchi hii na sufuria moja. Nani alikuambia watu ni vikombe?"

Kisha akanishika goti. Akasema huyo ofisa ana watoto pia, na kazi moja. Akisimama pale mbele akaitwa mwizi, itamfuata. Na akionyesha picha, Waringa ndiye atakuwa mwongo, na kikundi hakitapewa hata choo na mtu yeyote, si kaunti, si kanisa. Mwambie leo.

Nikasema sawa, leo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sijasema.

Nilimpikia mukimo. Akala vizuri. Nikafungua mdomo, akasema, "Mama, unajua ukiwa nyuma yangu siogopi mtu." Nikamwongezea mchuzi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimejaribu tena. Tulikuwa tunatoka kanisani, sisi wawili tu, mwavuli mmoja. Nikasema Waringa, kuna kitu. Akaniambia subiri, simu ni ya mama wa Mathare – amepata kibarua cha wiki nzima, anauliza mwezi ujao atamleta mtoto wapi. Waringa akamwambia usijali, kesho tutajua. Alipokata simu aliniuliza nilikuwa nasema nini.

Nikamwambia viatu vyako vimechoka.

Mimi niliyemwambia askofu mahubiri yake ni marefu! Mimi ninayesimamisha gari la maji katikati ya barabara! Kwa mtoto wangu ulimi umekuwa wa katoni iliyolowa.

Jumatatu, 3 Novemba

Niko ukumbini. Naandikia kwa goti, la sivyo mikono itafanya kitu kingine. Watu wamejaa. Mama Clare safu ya mbele, amevaa kofia ya harusi. Ladan kando yangu, hajaniambia salamu zaidi ya moja. Mbele kuna meza, mwenyekiti, karani, na mwisho wa meza yuko Nalianya na viatu vyake vya raba. Alipopita ameniona. Amenisalimia kwa kichwa. Kwa heshima!

Mwenyekiti amefungua kwa maneno marefu. Ati zamani vikundi vilikuwa vinasikia tu "hamkupita", sasa kila mtu aambiwe sababu na aruhusiwe kubisha, na ofisa ajibu mbele ya watu. Watu wamepiga makofi. Mimi nimepiga pia.

Kikundi cha kwanza. Cha pili. Wanalalamikia stempu.

Sasa Waringa. Amevaa ile blauzi ya buluu niliyomshonea. Anasoma barua kwa sauti isiyotetemeka. "…hakuwahi kufika… amekibuni…" Watu wanaguna. Mtu nyuma yangu amesema, "Mwizi!" Nalianya ameinamisha uso kidogo. Hajakasirika. Amechoka, ndivyo anaonekana, kama mtu aliyetembea sana.

Amesimama. Hajajitetea kwa maneno. Amempa mwenyekiti simu yake aone picha, halafu ameshuka na ile simu mpaka alipo Waringa, akampa mkononi.

Waringa anaangalia. Anakuza kwa vidole viwili.

Amesema, "Hili zulia si letu." Amesema, "Hivi vikombe sivijui." Watu wameanza kucheka, ati ofisa amepiga picha nyumba ya watu. Halafu vidole vya Waringa vimesimama. Kwa sababu picha inayofuata, naijua, nilimwona akiipiga, ni ya chai. Kuna mkono unamimina. Ni mkono wa kushona, dole gumba lenye kovu la sindano. Mkono huo umemlisha miaka ishirini na tisa.

Hajageuka. Angegeuka ningejua ana hasira kiasi gani.

Amekunja barua mara nne. Amesema, "Mwenyekiti, ofisa alifika. Ninamwomba msamaha mbele ya watu wote. Kosa ni la kikundi, na kiongozi wa kikundi ni mimi."

Mama Clare amegeuka, ananitafuta.

Mwenyekiti anauliza: basi mnaondoa ombi lenu? Waringa anasema – sisikii anachosema, mtu anasogeza viti – Ladan amenikanyaga mguu kwa nguvu zote –

Nimesimama. Sijui nimesimama saa ngapi. Nimesema nina neno.

Karani ameuliza jina. Mtaa huu wote unaniita Mama Waringa, hata fundi wa cherehani, hata kadi yangu ya kliniki. Nilikuwa na hilo jina mdomoni tayari. Nimelimeza. Nimesema, Wakiuru. Akauliza, cheo kwa kikundi? Nimesema sina cheo. Mimi ndiye niliyemimina chai.

Kelele! Mwenyekiti anagonga meza. Anasema nisubiri kipaza sauti, hii itaandikwa kwenye kumbukumbu, na kipaza sauti kimezima, wanatafuta betri. Naandika nikiwa nimesimama. Nalianya ameweka kalamu yake chini anangoja. Waringa bado ameangalia mbele, lakini amesogea, ameacha nafasi kando yake, ya mtu mmoja. Nitaanza na lipi? Viti. Nitaanza na viti, niwaambie viko vingapi na vinakauka siku ngapi na nilivificha wapi. Halafu zulia. Halafu lile la Ujerumani, ee Mungu wangu, na kalenda.

Betri imepatikana. Wananipa na sijui hili daftari nimpe nani